Mluteri wa Nyumba ya Tajudini

Msinianzie habari za Yubile. Mtu akinitajia Yubile ya kanisa la Wahaya hapa Bwiza, mi damu inanichemka, na mimi si hata mtu wa kanisa hilo. Mi ni Fatouma binti Tajudini, Mwislamu, nauza vitenge, nasali ninavyoweza, na pale ninapokosa Mungu ananijua. Lakini kati ya watu walioleta dini ya Kiluteri mtaani kwetu, aliyebaki hai ni mmoja tu, naye ni mama yangu mzazi. Jina lake Kokugonza. Bwiza nzima inamwita Mama Shaabani, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Mgeni akiambiwa kwamba mwanzilishi wa Waluteri hapa ni Mama Shaabani, anadhani tunamtania.

Mambo yake nitayasema mimi, tena yote, kwa sababu siku yalipotangazwa kanisani kwa mikro yalitangazwa vibaya.

Mama alifika Bujumbura akiwa msichana, amefuatana na baba yake mdogo aliyekuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba. Kulikuwa na Wahaya wengine wa kahawa, wa samaki wakavu, mafundi cherehani kidogo, na mabaharia wa Kigoma waliolala mjini wakingoja meli yao ipakiwe. Kwao walikuwa Waluteri. Hapa walikuta Wakatoliki kila upande, Waprotestanti wa namna nyingine, na sisi Waislamu wa Bwiza na Buyenzi. Wangeweza kuingia popote wakasali. Apana! Mhaya umwambie asali kwa mwenzake? Wakaanza kusali wenyewe, Jumapili asubuhi, uani kwa huyo babu yangu, wamekalia magunia matupu ya kahawa. Mama ndiye aliyefagia ua, na ndiye aliyeanzisha nyimbo, maana wanaume walikuwa na sauti za kuuzia samaki. Mchungaji hakuwapo. Alivuka mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa mara chache kwa mwaka, akabatiza, akagawa Meza ya Bwana, akapanda meli akarudi zake.

Sasa matata yalianzia kwenye mkate. Mkate wa Meza ya Bwana si huu tunaokula na chai. Ni vipande vyembamba vya mviringo, unga wa ngano na maji, bila hamira, bila chumvi, bila chochote cha kumfurahisha mtu. Ulikuwa unaletwa kwa meli ndani ya kopo la bati, na mara nyingi ulifika umeloa, au panya wameshiriki kabla ya Wakristo. Krismasi moja mchungaji amefika, watu wamevaa nguo mpya, kopo likafunguliwa: uji mtupu. Mama akakasirika. Mnafikiri hizi hasira zangu nimezitoa wapi? Akaenda moja kwa moja kwa kijana fundi wa kuchomelea vyuma, jirani hapo, akamwambia amtengenezee chuma cha kuokea: mabamba mawili yanayofumbana, yenye mikono mirefu ya kushikia juu ya makaa.

"Cha kuoka nini?" fundi akauliza.

Mama akamweleza yote, mkate, Meza, Bwana.

"Kwa hiyo mutu anapiga magoti mbele ya hiki kipande?"

"Anapiga magoti."

"Basi itabidi kitoke laini," fundi akasema.

Akayasugua yale mabamba kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, na Mama naye akawa haachi kupita kuangalia kazi imefika wapi. Mnaelewa wenyewe. Fundi huyo ndiye Tajudini, baba yangu.

Baba alipeleka posa kwa heshima zote. Imamu akasoma. Dini yetu inamruhusu mwanaume kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu, na Baba hakumwomba Mama abadilishe hata jina. Mpaka leo ukimuuliza, anajibu: "Nilimukuta na Mungu wake. Ningemunyanganya ili nimupe nini?" Pilau ya arusi ililiwa uani pale pale walipokuwa wanasalia. Wazee wa kanisa walikuja wote, wakala, wakafungiwa na ya watoto. Hiyo ni Jumamosi. Jumapili asubuhi, midomo bado ina mafuta ya pilau yetu, wakasimama mbele ya watu wakatangaza kwamba Kokugonza ametengwa. Wallahi, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kutengwa ndiyo sheria waliyokuja nayo kutoka kwao. Mwanamke aliyeolewa bila kubarikiwa kanisani hali Meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma. Wenzake wakienda mbele kupiga magoti, yeye anabaki anaangalia migongo. Akifa, hapigiwi kengele wala mchungaji hafiki kaburini. Mlango wa kurudi ni mmoja: asimame mbele ya washarika wote, akiri kwamba ndoa yake ni dhambi, atubu, ndipo apokelewe. Wakamuuliza Mama kama yuko tayari kutubu.

"Nitubu nini?" akawajibu. "Kumpikia mume wangu?"

Akaenda kukaa nyuma. Amekaa nyuma maisha yangu yote mimi, na mi sasa ni bibi wa watu.

Angekuwa mwingine angehama kanisa, au angesilimu akapumzika. Mama alikaa, na kibaya zaidi akaendelea kuoka. Kila Jumamosi imbabura, jiko letu la makaa, inawashwa uani kwetu, makaa yakishika anakitia kile chuma cha Baba, anamimina unga kijiko kimoja, anafumba, anageuza, anafumbua. Halafu anakata miduara. Mabaki ya pembeni tuliyagombania sisi watoto, na hivyo watoto wa Tajudini, kina Shaabani na Adija na mimi, tumekua tunatafuna makombo ya mkate wa Waluteri kisha tunakimbia madrasa. Mama peke yake hakuonja. Hata kuonja tu kama umeiva! Alikivunja kipande karibu na sikio, akasikiliza kinavyolia, akajua.

Nilipopata akili nikaanza kugombana naye. "Mama, goma! Acha kuoka Jumamosi moja tu, uone kama hawatakuja hapa mbio."

"Mkate umenikosea nini?"

"Si mkate, ni wao!"

"Wewe ukigombana na jirani unamkatia maji?"

"Ndiyo," nikasema. "Nakata, tena nacheka."

Akasema nimechukua roho ya shangazi zangu wa Buyenzi, na akaendelea kugeuza chuma chake.

Kanisa likatoka uani, likapata kiwanja chake, kuta, mabati. Mlango wa chuma wa kanisa hilo alichomelea Baba, hakuwaomba hata maji ya kunywa. Wahaya wa kwanza wakazeeka, wengine wakafa, wengine wakarudi Bukoba. Miaka ya juzi juzi wakaanza kufika Warundi waliokuwa wakimbizi Tanzania. Walikuwa wamebatizwa huko kambini, wamepata kipaimara huko, wanazijua nyimbo zile zile kwa Kiswahili, na walipofika mjini wakatafuta kanisa lao wakaambiwa liko moja Bwiza, kwa Wahaya. Wakalijaza. Mchungaji wa sasa, Rénovat, ni wao, amezaliwa kambini. Prezida wa baraza la wazee anaitwa Fortunat. Huyu ni wa zamani kidogo: mama yake alishuka melini kutoka Kigoma na mtoto mgongoni, hana mume wa kumwonyesha mtu, na mama yangu ndiye aliyempa mahali pa kulala. Fortunat amelelewa uani kwetu. Amekula makombo yale yale. Na ndiye huyo huyo anayeshika sheria kuliko walioileta. Ukimuuliza kwa nini, anakukunjulia mikono: "Tulipokea hivyo."

Tangu magoti ya Mama yalipoanza kumsumbua, mimi ndiye ninayempeleka ibada ya asubuhi, ile ya Kiswahili. Nakaa naye benchi la nyuma na ushungi wangu. Watu wamenizoea. Nyimbo zao nazijua zote, si kwa kupenda. Mtu huwezi kuziba masikio kila Jumapili. Nimeona mama yangu anavyokaa saa ya Meza. Hainamishi kichwa. Anakunja mikono mapajani, anaangalia mbele kama mtu aliyesimama kituoni anayejua basi lake litapita. Mi ndiye niliyekuwa nainamisha kichwa, nasaga meno.

Mwaka jana moyo wake ukaanza kuchoka. Daktari alisema mambo mengi ya Kifaransa, nikaelewa tu uso wake. Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa anakoroga unga, akasema bila kunitazama:

"Fatouma, nataka kula Meza kabla sijafa."

Hajawahi kusema hivyo. Miaka yote ile mi nilidhani anashindana nao tu, kama mi ninavyoshindana na watu, kwa raha ya kushindana. Kumbe ana njaa. Mimi Fatouma nikaenda kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri.

Sasa ikaja hiyo Yubile yao, miaka hamsini ya usharika. Komite ikaja nyumbani, Fortunat mbele, wamevaa makoti. Mama atakaa kiti cha mbele. Atavishwa kitenge cha Yubile. Ataitwa mwanzilishi. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza neno moja tu.

"Na Meza?"

Fortunat akaangalia viatu vyake. "Mama, we unajua. Kuna utaratibu."

"Najua. Kitenge mpeni Daphrose anayefagia kanisa, chake kimechanika."

Waliondoka na makoti yao. Mi niliwafuata mpaka nje nikawaambia nilichowaambia, na sitakirudia hapa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki ya Yubile akafika mchungaji kutoka Bukoba, mtu mzima, mpole, amefikia mtaa wa Ngagara kwa msharika mmoja. Akasema hawezi kulala mji huu kabla hajamsalimia Kokugonza, maana babu yake alikuwa mmoja wa wale waliokalia magunia. Akaja. Mama akazungumza naye Kihaya, akacheka, akajipigapiga paja, hata sijawahi kumwona hivyo. Nilikuwa naleta chai. Nikaweka chai mezani na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba Mchungaji, unajua kwamba huyu unayecheka naye hali Meza yenu?"

"Fatouma, funga mdomo," Mama akasema.

Sikufunga. Nikamwaga yote: arusi, pilau, benchi, mkate. Mgeni akaweka kikombe chini.

"Kumbe huku bado?"

"Bado nini?" nikauliza.

Akasema kwao, usharika ule ule walikotoka kina babu, jambo hilo lilikwisha siku nyingi. Mwanamke mwenye ndoa halali, mume awe Mwislamu, awe nani, anakula. Wazee walikaa, wakabishana, wakaliacha, na vijana wa siku hizi hata hawajui liliwahi kuwapo. Nilikaa chini. Mnaelewa? Kule lilikozaliwa wamelizika, na huku ugenini tunalilea na kulinyonyesha! Watu wamesafiri na mzigo, wenyewe waliowafungia wakasahau, wao bado wamejitwisha wanaogopa kuutua.

Mgeni akawaita Rénovat na Fortunat pale pale sebuleni kwetu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kofia kichwani, anajifanya amelala.

"Lakini Baba, sisi tulipokea kwenu," Fortunat akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Mlipokea kwa babu zetu. Babu zetu hawapo."

"Si mngetuambia!"

"Hamkuuliza," mgeni akasema.

Rénovat ni kijana mwema, sitamsema vibaya zaidi ya inavyotakiwa. Alisema kama nyumbani kwenyewe wameacha, sisi ni nani? Jumapili ya Yubile Mama ale. Fortunat akapumua. "Bon," akasema, "atakula." Akamshika Mama mikono miwili, machozi yanamlengalenga, na mi siku hiyo nikamsamehe karibu kila kitu.

Furaha iliyoingia nyumba hii! Jumamosi Mama alioka anaimba. Baba akatoa kanzu yake ya Idi akaniambia niipige pasi.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kanisani. Nimekifanya kile chuma nikiwa kijana. Nataka nione mwenyewe anakula."

Hajawahi kuingia mle tangu aliposimamisha mlango. Jumapili tukaondoka watatu, Mama katikati.

Kanisa lilijaa mpaka nje, mahema, kwaya za kila upande, matajiri wa mtaa wa Kibenga na magari yao. Mama alikataa kiti cha mbele, akasema atatoka kwenye benchi lake na atakwenda Mezani kwa miguu yake, watu wamwone anatoka wapi. Tukakaa nyuma, Baba mlangoni kabisa. Mahubiri yalikuwa marefu, sina neno nayo. Saa ya Meza ikafika. Mama akasimama kabla ya wote, akanishika mkono, tukaingia njia ya katikati. Tulikuwa tumefika katikati ya kanisa Fortunat aliposhika mikro.

"Washarika, leo kuna furaha mbinguni na duniani. Mama yetu Kokugonza, aliyekuwa ametengwa kwa sababu ya ndoa yake, ametubu, na leo anarudi kundini. Tumpokee!"

Vigelegele! Kwaya ikaanza, wanawake wakapunga vitambaa.

Mi najua Fortunat hakukusudia ubaya, na hicho ndicho kinachoniumiza zaidi. Hakuna njia nyingine wanayoijua ya kumrudisha mtu. Aliyetengwa harudi ila ametubu, ndivyo inavyosomwa, ndivyo ilivyosomwa kwa kila mtu, na yeye aliona bila neno hilo watu watanung'unika. Alidhani anamfungulia Mama mlango.

Mama akauachia mkono wangu. Akasimama.

"Mimi sijatubu," akasema.

Waliosikia ni wa karibu tu. Akarudia kwa sauti ile ya kuanzishia nyimbo, na kwaya ikakatika vipande vipande.

"Sijatubu. Sina cha kutubu. Mume wangu yule pale mlangoni, amevaa kanzu. Mwangalieni."

Kanisa zima likageuka kumwangalia Baba. Masikini Baba, alisimama, akaweka mkono kifuani kama mtu anayeamkia wakubwa.

Mama akageuka kurudi. Mi nikamng'ang'ania. Nilikuwa nanong'ona lakini nadhani hata mahema ya nje yalinisikia. "Mama, kula tu! Wacha waseme wanavyotaka, we kula! Umebakiza hatua chache! Mama, moyo wako, daktari amesema nini? Kula turudi nyumbani!"

"Ukitaka kula, nenda wewe," akaniambia.

Akaenda kukaa, si kwenye benchi lake, ila kando ya Baba. Mgeni wa Bukoba alikuwa mbele, sahani ya mkate mkononi. Alishuka, akaanza kuja upande wetu. Nikasema moyoni, njoo, njoo baba, njoo! Akafika kwenye benchi za mbele akasimama. Akamwangalia Rénovat. Rénovat akamwangalia Fortunat. Fortunat aliangalia chini. Mgeni ni mgeni, kanisa lina wenyewe, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akarudi mbele. Wakaanza kugawa, mstari baada ya mstari, ule mkate uliotoka uani kwetu jana yake.

"Koku," Baba akasema polepole, "ungekula. Mi nisingekasirika."

"Najua," Mama akamjibu.

Wimbo wa Meza ulipoanza aliuimba wote. Mi sikuimba. Nilikuwa nalia, kilio cha hasira, ushungi umelowa, na mtoto wa watu kwenye benchi la mbele yangu ananigeukia kuniangalia kama sinema.

Alasiri Fortunat akaja peke yake, bila koti. Mi nilitaka kumfungia mlango, Mama akasema apewe chai. Akakaa kwenye kigoda alichokalia alipokuwa mdogo, jitu zima lile.

"Mama, lile neno ni desturi tu. Mi sikutaka kukuaibisha."

"Najua hukutaka."

"Nimeongea na Mchungaji. Atakuletea Meza hapa nyumbani. Au uje pale ofisini, kwenye biro yake, baada ya ibada, polepole. Hakuna atakayetangaza chochote. Hakuna atakayejua."

Nikaona shingo ya Mama inanyooka.

"Mlinitenga mbele ya watu wote, Fortunat. Kunipokea ndiyo kwa biro?"

"Sasa tufanye nini, Mama?"

"Msimame mbele, pale pale uliposimama leo, mseme mlinikosea. Nitakuja nitakula."

Fortunat akazungusha kikombe. Alikuwa anafikiri kweli, nilimwona, jasho lilimtoka. Mwisho akasema, kwa huzuni kabisa:

"Mama, komite haitubu."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa. "Basi tumefanana," akasema. "Kunywa chai yako."

Akamwacha anywe. Halafu akamwambia, kama anayemwagiza sokoni: "Nikifa mtakuja hapa. Najua mtakuja, wote. Fatouma atawapa viti na chai. Lakini mtakuja kama wageni. Kengele yenu msiipige, msije mkaipiga kwa huruma. Tajudini ndiye atakayenizika."

"Na nani ataongoza, Mama?" Fortunat alikuwa analia waziwazi sasa. "Mzee Tajudini ni Mwislamu. Nani ataimba?"

Mama akaninyooshea kidevu.

"Huyu. Nyimbo zote anazijua."

"Astaghfirullah, Mama!" nikasema. "Mi Mwislamu!"

"Sijakuambia ubatizwe. Nimekuambia uimbe."

Nikamgeukia Baba aniokoe. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kofia imemfunika macho, anajifanya amelala.

Hayo ndiyo ya Yubile. Mnauliza kama bado anaoka? Anaoka! Kila Jumamosi, mikono inamuuma, hataki nimsaidie, na mtu wa kanisa anakuja kuchukua anasema asante. Msiniulize tena habari hiyo maana nitavunja kitu. Kula bado hajala. Fortunat anapita kumsalimia kila siku akitoka kazini, anakaa, anakunywa chai, anakwenda. Barazani kwao wanasema wanalijadili.

Na mimi kila jioni nikishafunga duka nakaa jikoni, Mama kwenye mkeka, ananifundisha beti za tatu na za nne, zile ambazo Jumapili mi huwa naziruka. Ananikatiza. Umeshusha sana hapo, rudia. Hapo unakimbilia wapi, maiti haikimbii. Nakasirika, nasema siimbi tena, atafute mwingine, halafu narudia. Ushungi kichwani, nimevimba kwa hasira, naimba wimbo wa maziko ya mama yangu, na mama yangu anapiga mkeka kwa kiganja ili nisiipoteze sauti.